Nilimwambia mzee "safi" na pigo halikuwa safi. Nifanyeje kabla ya fainali?

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Mwanza. Naomba jina langu lisitoke, maana huku kwetu wacheza pool wote tunajuana.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nina mke na watoto wawili, na ni nahodha wa timu ya pool ya baa moja ya mtaani. Ligi yetu ina timu 8. Hakuna anayelipwa, kila timu inachanga ada, mwenye baa ananunua jezi, na mwisho wa msimu bingwa anapata mbuzi na shilingi 800,000. Kila mechi timu inatoa watu 5. Kila mmoja anakutana na mpinzani wake kwa fremu 3, na anayewahi mbili anaipa timu yake pointi. Marefa wa kukodi hatuna, tunachezeshana wenyewe: fremu ya kwanza refa anatoka kwa wageni, ya pili kwa wenyeji, ikifika ya tatu tunarusha shilingi. Tunatumia kanuni za blackball, yaani pool ya mipira ya njano kwa mmoja na nyekundu kwa mwingine, na mweusi unaopigwa mwisho; zimebandikwa ukutani karibu na kaunta.

Nusu fainali tulikuwa nyumbani. Tukafika pointi 2 kwa 2. Wa mwisho upande wetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka 24 ambaye kushika fimbo nimemfundisha mimi. Upande wa pili alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, mtu mtaratibu, mkono wake hautetemeki. Wakagawana fremu mbili za mwanzo. Shilingi iliporushwa ikanichagua mimi kuchezesha ya tatu.

Shemeji akamaliza njano zake, ukabaki mweusi. Mzee naye alikuwa na nyekundu moja tu, imekaa mdomoni mwa shimo la kati, yaani shemeji akikosa tumekwisha. Mpira mweupe ulikuwa umesimama nyuma ya mweusi, kati yao nafasi ya kupita penseli, si zaidi. Mweupe, mweusi na shimo la kona vilikuwa mstari mmoja, na kutoka mweusi hadi shimoni ni kama shibiri tatu. Sikusogea kuangalia kama mipira imegusana. Nilibaki nimesimama nyuma ya shemeji. Akalaza fimbo kama anavyoilaza siku zote, akapiga kwa mkono mrefu. Mlio niliousikia haukuwa "tak" moja, ulikuwa kama kitu kimekwaruza. Mweusi ukaondoka, na mweupe ukaondoka nao sambamba, kama maksai wawili wa plau moja. Mweusi ukaingia. Mweupe ukasimama ukingoni mwa shimo.

Mshauri, hiyo ndiyo sisi tunaita kusukuma, yaani fimbo kuung'ang'ania mweupe au kuugonga mara mbili, na mimi nakujua kusukuma. Nilijua kabla mweusi haujadondoka.

Mzee hakupiga kelele. Alinitazama usoni akauliza, "Refa, hiyo safi?" Nikajibu, "Safi, mzee." Akanipa mkono, akampa shemeji mkono, akafungua fimbo yake vipande viwili akaitia kwenye mfuko aliojishonea mwenyewe. Akaaga, akaondoka.

Rufaa kwetu ni ndani ya saa 24 na ada yake shilingi 50,000. Hawakukata. Siku ya pili kijana mmoja wa timu yetu akanitumia video ya lile pigo, aliirekodi kwa simu akiwa pembeni ya meza. Ananiambia hajamtumia mtu mwingine. Nimeiangalia mpaka basi. Nilipomgusia shemeji alisema, "Shem, refa akisema safi ni safi, mambo mengine ya nini?" Fungu lake tukishinda anataka alipie mafunzo ya udereva. Mke wangu anasema nisilete maneno ya baa ndani ya nyumba. Na fainali ni Jumapili ya wiki ijayo.

Nikikaa kimya, nitabeba mbuzi ambaye si wetu. Nikisema, nimemuuza shemeji, nimeua timu, na mimi mwenyewe nitaitwa mwizi. Nisaidie.

Nahodha Asiyelala, Mwanza

MSHAURI ANAJIBU

Nahodha, pole sana. Umeeleza bila kujipendelea, hata mahali uliposimama umetaja, na hilo linanisaidia kukujibu vizuri.

Kama nimekuelewa, ulichezesha fremu iliyoamua mechi, anayepiga akiwa ndugu yako. Unaamini pigo la mwisho lilikuwa faulo, ulipoulizwa ulisema safi, na sasa una siku chache kabla ya timu yako kucheza fainali iliyoingia kwa neno lako. Humo ndani kuna mambo matatu ambayo wewe umeyafunga fundo moja: pigo lenyewe lilikuwaje, wewe ulijua nini wakati unajibu, na nani unadaiwa nini.

Tuanze na pigo, kwa sababu mengine yote yamelikalia hilo.

Fimbo ikiugusa mweupe zaidi ya mara moja katika pigo moja, ni faulo. Ni faulo pia ncha ya fimbo ikiwa bado imeugusa mweupe wakati mweupe unaugonga mpira wa mbele. Nafasi ikiwa ndogo kuliko upana wa chaki, kile kijiwe cha kupaka ncha ya fimbo, kila refa anatakiwa ashtuke, maana mweupe ukimgonga mwenzake unasimama, na fimbo inayokuja kwa mkono mrefu inaukuta pale pale na kuugonga tena. Hapo ndipo mlio wa kukwaruza unapotoka. Na ndiyo sababu ya ile sambamba uliyoiona: mweupe unaogonga mpira uso kwa uso unamwachia mwenzake karibu mwendo wake wote. Ukiwa umepigwa juu, utatulia kidogo kisha utafuata kwa kujiviringisha, lakini polepole, kwa kawaida chini ya nusu ya mwendo wa ule wa mbele. Kama meza yenu inatumia seti ile ya mweupe mdogo, milimita 48 kwa 51 za mipira ya rangi, mweupe ni mwepesi kwa karibu sehemu moja ya sita, basi ndiyo kabisa haupaswi kukimbia pamoja na mwenzake.

Sasa video. Usitafute kuiona ncha ya fimbo ikigusa mara mbili, huwezi. Mguso wa fimbo na mpira ni kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, na simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde. Kinachoonekana ni mwendo. Isimamishe mweusi ukiwa umekwenda shibiri mbili, halafu tazama mweupe uko wapi. Kwenye pigo safi la mstari mmoja haujafika shibiri moja. Tazama pia kama kulikuwa na ule utulivu mdogo wa mweupe mara baada ya kugongana, au uliunganisha tu. Na hakikisha kweli ulikuwa mstari mmoja: mpira ukikatwa pembeni, mweupe hubaki na mwendo mwingi na unaweza kukimbia bila kosa lolote, ila utakwenda upande mwingine, si kwenye shimo lile lile. Kwa maelezo yako, dalili zote zinaelekea upande mmoja. Lakini umeiangalia video hiyo ukiwa umeshajihukumu. Mpe mtu anayeijua pool na asiyeijua mechi hiyo, usimwambie kitu, umuulize ameona nini.

Nakuomba hilo kwa sababu desturi ya uamuzi ni kwamba refa asipokuwa na hakika, pigo linahesabiwa zuri kwa mpigaji. Refa aliyesema safi akiwa na shaka hakufanya kosa. Wewe umeandika kwamba ulijua kabla mweusi haujadondoka. Je, ulijua hivyo pale pale, kwenye ile sekunde moja mzee anakutazama? Au umejua vizuri zaidi kila ulivyorudia video, na ujuzi wa leo umerudi nyuma ukajiweka kwenye jana? Siulizi ili nikupe pa kutokea. Maneno utakayomwambia mtu yeyote kuhusu jambo hili yatategemea jibu hilo, na hakuna anayelijua zaidi yako. "Nilikosea kuona" na "niliona nikasema vingine" ni sentensi mbili tofauti. Ukienda na ya kwanza wakati ukweli wako ni ya pili, utarudi nyumbani na usingizi ule ule.

Kanuni zinasemaje? Mweusi ukiingia kwa pigo la faulo, fremu imepotea. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii mzee kupewa pigo la bure na ile nyekundu yake. Kama ingeitwa, mechi ingekuwa yao palepale. Naelewa kwa nini inakulemea. Lakini kanuni hizo hizo zinasema faulo isiyoitwa kabla ya pigo linalofuata huhesabiwa haikutokea, na ninyi mlipeana mikono na muda wa rufaa umepita. Inawezekana kabisa kamati ikakusikiliza, ikakushukuru, na ikaacha matokeo yalivyo. Wewe unawaza kwamba ukisema, ushindi unarudi kwa wenyewe. Huenda usirudi. Jiulize kama bado ungependa kusema hata kama hakuna kitakachobadilika kwenye jedwali.

Kuna dhana nyingine mbili ambazo ningependa tuziguse taratibu.

Ya kwanza ni kuhusu shemeji. Unaliona jibu lake kama la mtu anayejua na kuficha. Rudi kwenye alivyolaza fimbo: kama siku zote. Mchezaji anayejua hatari ya nafasi ya penseli hainami hivyo. Anainua kitako cha fimbo, anafupisha mkono, anapiga kwa kudonoa na kurudisha, au analenga nusu ya mpira ili mweupe utoke pembeni. (Wengi wanaamini fimbo ikiinuliwa nyuzi 45 pigo linakuwa halali lenyewe. Si kweli, inapunguza tu uwezekano wa kugusa tena, na refa bado anatakiwa aangalie.) Shemeji yako hakufanya hata kimoja. Mimi naona dalili za kijana asiyelijua pigo hilo. Ulimfundisha kushika fimbo. Hili je, mliwahi kulifanyia mazoezi? Kama hapana, mazungumzo yenu ya kwanza yanaweza kuwa ya mezani, mipira miwili na chaki, kabla hayajawa ya nani kamdanganya nani. Na neno lake kwamba refa akisema safi ni safi, ukiliondolea mshindo, ndivyo mchezo unavyokwenda. Mpigaji anamtegemea refa.

Ya pili ni kuhusu mzee. Kwamba hakukata rufaa umelichukulia kama amekubali au hakujua. Mtu ambaye hakuona kitu hamuulizi refa "hiyo safi?" Alikuuliza, ukamjibu, akakupa mkono. Huenda aliona na akaamua kuheshimu neno la refa. Huenda shilingi 50,000 ni nyingi kwa jambo la kubishana. Huenda pia alikuwa na shaka tu na jibu lako likamtosha. Hatujui, na wewe hujui. Unabeba hasira yake ambayo pengine hana, au unahesabu ridhaa yake ambayo pengine hakutoa.

Sasa njia zilizo mbele yako. Nitakuonyesha na miiba yake.

Unaweza kukaa kimya na ucheze fainali. Kanuni hazikulazimishi kurudi nyuma, amani ya nyumbani inabaki, kijana anaweza kupata ada yake. Lakini video ipo kwenye simu mbili, na anayeishika nyingine ni kijana. Siku akigombana na mtu wa timu itatoka, na ikitoka baada ya mbuzi kuchinjwa, hakuna atakayeamini ulikuwa unafikiria. Tena utaingia fainali ukiwa nahodha ambaye hawezi kumdai refa wa wenzake haki. Kama ni njia hii, angalau usiifute video wala usimwambie kijana aifute. Kufuta ni kitendo kipya, na hicho hakitakuwa cha sekunde moja.

Unaweza kwenda kwa mzee mwenyewe, bila kamati. Katika snuka ni desturi mchezaji kujitaja faulo hata refa asipoiona, kwa hiyo mtu wa meza haoni ajabu kuambiwa ukweli baadaye. Uzuri wake ni kwamba kosa lilikuwa kati ya macho yake na yako, na hapo linazungumzika. Hatari yake: unamtwisha mzigo. Ukimwambia "naomba yabaki kwetu," umemfanya aifiche timu yake. Usipomwomba hivyo, ana haki ya kwenda kwa nahodha wake kabla jua halijazama, na uwe umeshajiandaa nyumbani kwako mambo yakifika huko.

Unaweza kwenda kwenye kamati ya ligi. Saa 24 ni muda wa anayelalamika. Soma karatasi yenu uone kama inamfunga pia refa anayetoa taarifa ya kosa lake, maana kanuni nyingi za ligi za mtaani hazikulitaja hilo kabisa. Ukienda, andika ukurasa mmoja: tarehe, fremu, mipira ilikaa wapi, ulisimama wapi, uliona nini, ulisema nini. Ambatanisha video nzima bila kuikata. Usimseme shemeji kwa kosa lolote, kwa sababu kwa ulivyoeleza hakufanya uamuzi wowote. Alipiga, wewe ukaamua. Kamati inaweza kuacha matokeo, inaweza kuamuru fremu hiyo moja irudiwe kwenye meza isiyo ya kwenu, inaweza kuwapa wenzenu mechi, inaweza kukufungia. Usiende ukiwa umeshachagua adhabu yako moyoni, utavunjika ikitoka nyingine.

Kuna na njia ya katikati ambayo watu huipenda, ya wewe kujitoa kuchezesha na kuachia unahodha huku ukinyamaza kuhusu nusu fainali. Inaweza kukupa nafuu ya wiki moja. Naogopa tu kwamba watu wataona umejiadhibu bila kujua kwa nini, nao watajaza sababu wenyewe, na mtaani sababu wanazojaza huwa mbaya kuliko ile ya kweli.

Kujitoa fainali kama timu usikuamue peke yako. Kuna watu wengine wanne walioshinda na kushindwa fremu zao usiku ule bila kosa, na wanastahili kusikia habari hii kutoka kwako kabla ya kuisikia kwenye kaunta.

Mke wako nimemsikia. Amesema maneno ya baa yasiingie nyumbani, lakini shemeji ni nyumbani. Kabla hujachagua njia yoyote itakayomfikia mdogo wake, yeye ajue kwanza, kwa maneno yako.

Lolote utakaloamua, kuna kazi ya kufanya kabla ya Jumapili, na hiyo unaweza kuipeleka kwenye kamati hata kesho. Timu zilizotolewa zipo. Waombe fainali ichezeshwe na mtu wa timu isiyohusika, kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho. Kurusha shilingi kumpata refa wa fremu ya kuamua ni mtego mliojiwekea wenyewe. Siku ile umekunasa wewe, ungeweza kumnasa yeyote. Na refa huyo afundishwe mambo mawili. Mipira ikikaribiana kuliko chaki, asimamishe mchezo, ainame, na atangaze kwa sauti kama imegusana au haijagusana kabla mtu hajapiga, kwa sababu ikiwa imegusana kanuni hubadilika: ziko zinazoruhusu kupiga kuelekea mpira uliogusana nao na ziko zinazotaka upige kwa kuukimbia, kwa hiyo karatasi ya ukutani isomwe vizuri. Halafu asisimame nyuma ya mpigaji. Akae ubavuni mwa mstari wa pigo, kama mita moja, macho yashuke usawa wa kitambaa, atazame ile nafasi kati ya mipira na aachane na shimo. Shimo litajisema lenyewe.

Wewe ulisimama nyuma. Sehemu ya uliyoyaona uliyaona vibaya kwa sababu hiyo, hata kama masikio yako yalikuwa sahihi. Liweke na hilo kwenye ukurasa wako, ukiuandika.

Na ikiwa ni kwa mzee utakwenda, nenda mchana, dukani kwake, cherehani ikiwa imesimama. Usiende baa na usiende na kijana wa video. Mwambie nini kilikupata aliponyanyua macho akakuuliza, kisha unyamaze, umwache ajibu kwa muda wake.

Mshauri wako